Mpira wa kichwani kwa mwanangu ni wa silikoni. Niombe utolewe?

"Daktari, shikamoo. Mwanangu ana miaka 4. Alizaliwa na mgongo wazi, baadaye kichwa kikaanza kujaa maji, na alipofikisha miezi 3 akawekewa mpira wa kushusha maji tumboni. Uliziba mara moja, akafanyiwa upasuaji mwingine akiwa na mwaka mmoja na nusu. Tangu hapo yuko vizuri, anaongea mpaka anachosha. Wiki mbili zilizopita niliona video inasema silikoni ni sumu, Marekani wameipiga marufuku, inayeyuka mwilini na kuleta saratani. Nikafungua karatasi za hospitali nikakuta mpira wa mwanangu ni wa silikoni. Tangu siku hiyo silali. Nikimpapasa shingoni, chini ya sikio, nasikia kitu kama kamba ngumu, naogopa ndiyo hiyo silikoni imeanza kuganda. Halafu mdogo wangu anataka kuchomwa sindano za silikoni aongeze makalio. Anasema kama mtoto ameishi nayo kichwani miaka yote hii, yeye itamfanya nini? Je, niombe mpira utolewe? Na mdogo wangu nimwambie nini?"

Marahaba, mama. Nitangulize jibu, maelezo yafuate: usiombe mpira utolewe. Mtoto ambaye maji ya ubongo wake yanategemea mpira, ukiutoa bila kumpa njia nyingine, maji hurudi kujaa na presha ndani ya fuvu hupanda. Kwa wengine hali hugeuka ndani ya saa chache. Hatari hiyo ni ya kweli kabisa. Ile uliyoisikia kwenye video, kwa mpira wa mwanao, haipo kwa namna ilivyosimuliwa. Mdogo wako naye mwambie asichomwe.

Najua majibu haya mawili yanaonekana kupigana. Mdogo wako kauliza swali zuri kuliko anavyodhani: iweje kitu kile kile, kichwani kwa mtoto niseme kiacheni, makalioni kwa mtu mzima niseme msikiguse? Ni kwa sababu si kitu kile kile. Jina ni moja, lakini mwili hauna habari na majina. Unaangalia umepewa nini, kimekaa wapi, na kama kimetulia au kimeachiwa kitembee.

Neno lenyewe linachanganya. Kuna silikoni ambayo ni elementi, ile iliyomo ndani ya mchanga na kioo, na ndiyo inayotengenezewa vifaa vya kompyuta. Kuna silikoni ya hospitali, ambayo hutengenezwa kiwandani: mnyororo mrefu wa atomi za silikoni na oksijeni zikipokezana, na pembeni vimeshikizwa vikundi vidogo vya kaboni na hidrojeni. Minyororo ikiwa mifupi na huru, unapata mafuta. Ikifungamanishwa kidogo, unapata jeli. Ikifungamanishwa sana na kuchanganywa na unga laini wa kuipa nguvu, unapata mpira unaonyumbulika, unaovumilia kuchemshwa kwa mvuke wa kutakasa vifaa bila kuharibika. Mpira wa mwanao ni huo wa mwisho. Anachotaka kuchomwa mdogo wako ni ule wa kwanza, mafuta.

Usidhani silikoni ni mgeni wa nadra mwilini mwa watu. Matone ya kupunguza gesi wanayopewa watoto wachanga, yale yenye dawa iitwayo simethikoni, ni silikoni. Hupita tumboni na kutoka chooni bila kuingia kwenye damu. Bomba la sindano hupakwa ndani mafuta kidogo ya silikoni ili kisukumio kisikwame. Mipira mingi ya mkojo inayokaa wiki kadhaa ni ya silikoni, na mgonjwa mwenye mzio wa mpira wa kawaida huwekewa hiyo kwa makusudi. Vijiti vya uzazi wa mpango vya aina ya Jadelle ni silikoni, ila vile vya Implanon ni plastiki nyingine kabisa. Nalitaja hili kwa sababu najua video kama hiyo ikishakutisha kuhusu mtoto, kesho yake unaanza kujipapasa mkono.

Sasa, mwili hufanya nini ukikutana na kitu hiki? Dakika chache tu baada ya kuwekwa, protini za damu hukipaka. Seli walinzi ziitwazo makrofaji, ambazo kazi yake ni kumeza takataka, huja kukigusa. Zikikuta kitu kikubwa, chenye uso laini, kigumu kiasi cha kutomezeka, huhangaika nacho kwa muda kisha huita seli za kutengeneza kovu. Kovu jembamba hukizunguka kama ala inavyouzunguka upanga. Baada ya hapo pande mbili zinaishi kwa kuvumiliana. Mwili haujaipenda silikoni, umeitenga tu, na kwa mpira wa maji hilo linatosha.

Hiyo ndiyo kamba unayoisikia shingoni kwa mwanao. Ni mpira wenyewe ukiwa ndani ya ala yake ya kovu, chini ya ngozi nyembamba ya mtoto. Ukitaka kujua unene wake, toa mrija wa wino ndani ya kalamu ya peni uushike. Mpira wa shanti, kama madaktari wanavyouita, ni wa kiasi hicho, na tundu lake la ndani halifiki hata milimita moja na nusu. Mtoto akigeuza shingo upande wa pili, kamba huonekana zaidi. Hilo ni kawaida. Lisilo kawaida ni ngozi iliyo juu yake kuwa nyekundu, kuwa ya moto, kuvimba, kuwa nyembamba inayong'aa, au mpira kuchungulia nje. Ukiona mojawapo usisubiri kesho.

Siwezi kukuambia kwamba mpira huo hauna matatizo, maana umeshaonja wewe mwenyewe: uliziba. Kwa watoto, karibu nusu ya mipira hii hupata hitilafu ndani ya miaka 2 ya mwanzo. Hilo ndilo jambo ambalo ningependa mzazi alijue vizuri kuliko habari yoyote ya sumu. Hitilafu kubwa ni kuziba. Vipande vya tishu, protini au seli huingia kwenye vitundu vya ncha iliyo ndani ya ubongo, maji yakakwama. Ya pili ni maambukizi, ambayo mengi hutokea miezi ya mwanzo baada ya upasuaji. Bakteria wa kawaida wa ngozini, wasio na madhara wakiwa nje, hujishika kwenye uso wa mpira na kujitengenezea utando wa ute unaowakinga na dawa. Hapo silikoni ina lawama ya kweli. Haitoi sumu, ila inawapa wadudu mahali pa kupanga, na dawa za mshipani peke yake mara nyingi haziwafukuzi hadi mpira utolewe na kuwekwa mwingine.

Lakini silikoni hiyo hiyo inaweza kunyonya dawa na kuziachia polepole. Ndiyo maana ipo mipira iliyolowekwa dawa mbili za bakteria, rifampisini na klindamaisini. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019, wenye wagonjwa zaidi ya 1,600, ulionyesha maambukizi asilimia 2 kwa waliowekewa mipira ya dawa, na asilimia 6 kwa waliowekewa ya kawaida. Siku ikitokea mwanao anahitaji kubadilishiwa, muulize daktari kama aina hiyo inapatikana. Swali hilo ni la maana kuliko kuuliza kama kuna mpira usio wa silikoni.

Tatizo la tatu huja taratibu, baada ya miaka mingi. Nikimfungua kijana aliyewekewa mpira utotoni, sehemu iliyokuwa kifuani na shingoni huwa imebadilika: imepoteza ulaini, ina ganda jeupe la chokaa, na ukiikunja kati ya vidole inakatika kama bua kavu. Pale shingoni ndipo inapojikunja kila mtu anapogeuka, na ndipo ala ya kovu inapoushikilia mpira wakati mtoto anaendelea kurefuka. Chokaa huanza kuufanya mgumu, urefu unauvuta, mwisho unakatika. Kwa hiyo anayesema silikoni haiyeyuki mwilini amesema kweli, lakini haiyeyuki si sawa na haichakai.

Madaktari wa moyo walijifunza hilo mapema. Vali bandia, yaani mlango wa kuruhusu damu kwenda upande mmoja tu, iliyobuniwa mwaka 1960 na Albert Starr na Lowell Edwards ilikuwa na kipira cha silikoni kinachorukaruka ndani ya kizimba. Baadhi ya vipira vya mwanzo vilinyonya mafuta yaliyomo kwenye damu, vikavimba na kupasuka. Namna ya kuvitengeneza ikabadilishwa, na vali hizo zikaendelea kutumika kwa miongo.

Mzio wa silikoni upo? Umeelezwa kwa wagonjwa wachache sana wa shanti: mpira unaoziba mara kwa mara, ngozi juu yake inachubuka, seli za mzio zinaonekana kwenye maji ya ubongo, na kila kipimo cha bakteria kinarudi kitupu. Mtoto aliyekaa miaka miwili na nusu na mpira uleule bila taabu hayumo humo. Nakuonya kwa jambo moja: neno mzio lisikubaliwe haraka, kwa sababu mara nyingi kinachofanana na mzio ni maambukizi ambayo hayajapatikana.

Kuhusu kuutoa kabisa, njia nyingine ipo kwa baadhi ya watoto. Daktari huingiza kamera ndogo ndani ya ubongo na kutoboa mlango kwenye sakafu ya chumba cha tatu cha maji ya ubongo ili yapite bila mpira, na kwa watoto wachanga huongezewa kuchoma tishu zinazotengeneza maji hayo. Njia hii ya pamoja iliendelezwa sana Mbale, Uganda, na daktari Benjamin Warf, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Si kila mtoto inamfaa, na kumhamisha mtoto ambaye mpira wake unafanya kazi kwa sababu tu ya hofu ya silikoni ni kumwongezea upasuaji asiouhitaji. Lakini siku mpira wake ukiziba tena, uliza kama anafaa. Hapo swali litakuwa mahali pake.

Video uliyoona haikutunga kila kitu. Imeokota mambo ya kweli ya mahali pengine ikayamwaga kichwani kwa mwanao. Marufuku inayosemwa ni ya vipandikizi vya matiti vyenye jeli. Mwaka 1992 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilizuia visitumike kwa wanaotaka tu kukuza matiti, ikavibakiza kwa masharti kwa wanaojengewa upya titi. Zuio liliondolewa mwaka 2006. Mipira ya shanti haikuguswa. Ila wimbi lile la kesi liliwatisha wauzaji wa malighafi kiasi kwamba baadhi yao hawakutaka tena kuwauzia watengenezaji wa vifaa vya kuwekwa mwilini, mpaka Bunge la Marekani likatunga sheria mwaka 1998 ya kuwakinga. Yaani hofu ya matiti nusura iwanyime mpira watoto kama wa kwako.

Saratani nayo ina chanzo chake. Ipo limfoma, yaani saratani ya seli za kinga, ya nadra inayotokea kwenye kovu linalozunguka kipandikizi cha titi, Shirika la Afya Duniani liliitambua mwaka 2016. Lakini imehusishwa na vipandikizi vyenye uso wa kukwaruza, viwe vimejazwa jeli au maji ya chumvi, na mwaka 2019 aina moja iliyohusishwa nayo zaidi iliondolewa sokoni duniani. Kuna pia wanawake wenye vipandikizi wanaolalamikia uchovu, maumivu ya viungo na ukungu wa akili. Uchunguzi mkubwa wa Taasisi ya Tiba ya Marekani mwaka 1999 haukupata ushahidi kwamba silikoni ndiyo inayoleta magonjwa ya kinga ya mwili, lakini ulisema wazi kuwa madhara ya pale pale titini, kovu kukaza na kipandikizi kupasuka, ni ya kawaida. Binafsi siwaiti waongo wanawake hao. Wapo wanaopata nafuu vikitolewa, na tangu 2021 FDA inataka waonywe kabla ya kuwekewa. Na pale Ufaransa, kiwanda cha PIP kilikamatwa mwaka 2010 kikijaza vipandikizi jeli ya viwandani badala ya ya kitabibu, mwanzilishi wake akahukumiwa kifungo. Hayo yote yametokea kweli, lakini hakuna hata moja lililotokea kwenye mpira mwembamba wa kushusha maji.

Tena mpira huu una historia yake. John Holter alikuwa fundi wa mitambo huko Pennsylvania, Marekani, na mwanawe alizaliwa mwaka 1955 na mgongo wazi kama mwanao, kichwa kikajaa maji. Wakati huo njia za kuyatoa zilikuwa zikishindwa. Akaunda vali ndogo inayoruhusu maji kwenda upande mmoja tu, na alipotafuta kitu ambacho kingevumilia joto la kutakasia na kukubalika mwilini, alichopata ni silikoni. Mwaka 1956, yeye na daktari wa upasuaji Eugene Spitz, wakaanza kuitumia kwa watoto. Ilikuwa miongoni mwa mara za kwanza silikoni kuachwa ndani ya mwili wa binadamu kwa muda mrefu.

Tuje kwa mdogo wako. Kumbuka zile seli za kumeza takataka. Zikikuta mpira mgumu, zinashindwa kuumeza, zinautenga. Zikikuta matone ya mafuta, zinameza. Ndipo balaa linapoanza, kwa sababu hatuna kimeng'enya cha kuvunja mnyororo ule. Seli imemeza kitu isichoweza kusaga. Inakufa, tone linaachiwa, linamezwa na nyingine. Jeshi linaongezeka, vinundu vigumu vinajengeka, ngozi inakuwa nyekundu na ngumu, mafuta yanatambaa kushuka mapajani. Haya huweza kuanza miaka mingi baada ya sindano, wakati mtu ameshasahau. Kwa baadhi, vinundu hivyo hutengeneza vitamini D iliyo tayari kwa kazi kwa wingi usiodhibitiwa, kalsiamu ikapanda kwenye damu na figo zikaharibika. Nani angefikiria kwamba figo zinaumwa kwa sababu ya makalio?

Na hayatoki. Mtu wa saluni atamwambia asipoyapenda yatanyonywa. Mimina mafuta ya taa juu ya godoro halafu jaribu kuyanyonya kwa sindano. Kinachobaki ni kukata nyama yenyewe, na makovu yake si ya kupendeza.

Hayo ni kama bahati imekuwa upande wake. Makalio yana mishipa mikubwa ya damu. Sindano ikiingia ndani ya mshipa, mafuta huenda moja kwa moja hadi kwenye mapafu na kuziba mishipa midogo. Watu wamekufa hivyo, wengine siku hiyo hiyo. FDA haijaidhinisha mafuta ya silikoni kuchomwa popote kwa ajili ya kubadilisha umbo. Sehemu ambapo mafuta ya silikoni yana ruhusa ni ndani ya jicho, kushikilia retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) iliyobanduka, na hata huko kwa kawaida madaktari wa macho huyatoa baada ya miezi kadhaa, kwa sababu yakikaa hugawanyika kuwa vitone na kupandisha presha ya jicho. Kama mtaalamu anayeyaweka chini ya darubini anapanga siku ya kuyatoa, anayeyachoma chumbani bila siku ya kuyatoa anategemea nini? Na hapo ninachukulia kwamba kweli ni silikoni ya kitabibu. Mara nyingi ni ya viwandani, ya kuzibia nyufa au ya kulainishia mashine.

Kwa mtoto, endelea na kliniki zake kama kawaida, na ukienda mwambie daktari kuhusu kamba ya shingoni ili aipapase mbele yako. Andika kwenye karatasi moja tarehe za upasuaji wote na jina la vali. Baadhi ya vali hurekebishwa kwa sumaku, na kipimo cha MRI, cha picha zinazopigwa kwa sumaku kubwa, kinaweza kuzivuruga, hivyo anayempima lazima ajue. Mpeleke hospitali yenye daktari wa upasuaji wa ubongo siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ukiona anatapika bila kuharisha, analalamika kichwa hasa asubuhi, analala kuliko kawaida na ni mgumu kumwamsha, macho yanaelekea chini au anaanza makengeza, anapata degedege, ana homa isiyo na sababu, au tumbo linavimba na kuuma. Na kama yule anayeongea mpaka anachosha amenyamaza ghafla siku mbili, hiyo pia ni sababu tosha. Ukifika usikubali kuambiwa ni malaria au tumbo tu kabla mtu hajafikiria mpira. Sema mapema, pale mapokezi: mtoto huyu ana shanti.

Mdogo wako, kama tayari ameshachomwa kabla barua hii haijakufikia, asikandwe, asichomwe dawa ya kuyeyusha, wala asirudi kwa aliyemchoma. Akipata kubanwa na kifua, kukohoa, homa, kuchanganyikiwa au madoa madogo mekundu kwenye ngozi ndani ya saa au siku chache, aende dharura mara moja, na aseme kwa mdomo wake kwamba amechomwa silikoni. Wengi huona aibu wakanyamaza. Picha ya mapafu yake itafanana na nimonia, na daktari asiyejua habari ya sindano atamtibu nimonia.